Binti Salme na Barua Zake

Katika nyumba nyingi za Uchagga, kutoka Kibosho hata Marangu, limo sanduku dogo ambalo watoto hawaruhusiwi kulifungua. Ndani yake hamna fedha wala nguo za sikukuu. Zimo barua: barua ya mwana aliyekwenda kufanya kazi Tanga, barua ya binti aliyeolewa mbali, kadi iliyotoka ng'ambo, na picha moja au mbili zilizokunjika pembe. Mama asiyejua kusoma huzitunza sawasawa na yule ajuaye, kwa maana karatasi ile ilishikwa na mkono wa mtoto wake. Mzee akifa, watoto hulifungua sanduku, na hapo ndipo wapatapo kujua mambo mengi ya mzazi wao ambayo hakuwaambia alipokuwa hai.

Habari hii ni ya mwanamke aliyewaachia watoto wake urithi wa namna hiyo. Alikuwa binti wa mfalme, na sifa yake ilienea Unguja na Ulaya. Watu walisema mengi juu yake, mengine ya kweli na mengine ya uongo. Lakini yaliyokuwa ndani ya moyo wake twayajua kwa sababu aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Jina lake ni Salme binti Said.

1. Mfupa wa ngamia

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kando ya bahari, kaskazini ya mji wa Unguja. Babaye alikuwa Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Omani na Unguja pamoja na pwani ya bara. Mamaye, Jilfidan, alitoka mbali sana, katika nchi ya Wacherkesi. Alipokuwa mtoto mdogo vita viliingia kwao, akatekwa, akauzwa, na mwisho akaletwa katika nyumba ya Seyyid Said. Basi Salme alikuwa mtoto wa mfalme na mtoto wa mateka pia.

Jumba la Mtoni lilikuwa kama mji. Watu kama elfu moja walikaa humo, wakubwa na wadogo, waungwana na watumwa. Katika ua walitembea tausi, paa na mbuni, na watoto waliogopa kupita karibu na mbuni. Salme alijifunza kupanda farasi na kulenga shabaha pamoja na ndugu zake wanaume, maana tangu utoto hakuwa mtu wa kukaa kimya.

Watoto wote walisomeshwa Kurani. Lakini baada ya kusoma, wavulana wakafundishwa kuandika, na wasichana wakakatazwa. Watu wa wakati ule waliona kwamba mwanamke hana haja ya kalamu. Kwa hiyo mwanamke aliyetaka kumpelekea mwenzake habari alilazimika kumwambia mtumishi, na mtumishi akaenda kumwambia mwandishi, na mwandishi akaandika alivyosikia. Barua ilipofika, siri ilikuwa imekwisha kupita katika vinywa vitatu, na pengine maneno yenyewe yamegeuka.

Salme hakuridhika. Akatafuta mfupa wa bega la ngamia, ulio mpana na laini, akaufanya kibao chake. Akaweka msahafu mbele yake, akaiga herufi moja moja kwa kalamu na wino, akafuta, akaandika tena. Alifanya hivyo kwa siri, pasipo mwalimu, hata mkono wake ukazoea. Jambo lile lilipojulikana watu walimlaumu sana, lakini elimu ikiisha kuingia haiwezi kutolewa. Na kalamu ile ndiyo iliyoongoza maisha yake yote, katika mabaya na katika mema.

2. Barua za fitina

Mwaka 1856 Seyyid Said alifariki baharini, akirudi Unguja kutoka Omani. Watoto wake waliokuwa hai walikuwa 36. Salme alikuwa na miaka kumi na miwili tu, akapewa urithi wake wa shamba na fedha. Ufalme ukagawanyika: Thuwaini akashika Omani, na Majid akashika Unguja. Miaka mitatu baadaye ulikuja ugonjwa wa kipindupindu, ukawaua watu wengi mjini, na Jilfidan akafa. Salme akabaki yatima wa baba na mama.

Wakati ule Barghash, nduguye mwingine, alikuwa akitaka kumwondoa Majid katika kiti cha enzi. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, na Salme alimpenda Khole kuliko ndugu zake wote. Majid naye hakuwa mtu mbaya kwake. Aliwahi kukaa nyumbani mwake pamoja na mamaye, na kwake alitendewa kama mtoto wa nyumba. Lakini moyo wa kijana huvutwa na yule aliye karibu. Akamfuata Khole.

Wale wenye shauri la siri walihitaji mtu wa kuandika barua, asiye mwandishi wa kuajiriwa awezaye kusema mambo yao sokoni. Wakamwona Salme. Basi msichana wa miaka kumi na mitano akawa karani wa uasi. Barua za kuagiza bunduki na baruti zilitoka mkononi mwake. Alipokuwa akiandika, alijua kwamba risasi zile zaweza kumpiga Majid, aliyemtendea mema. Aliandika vivyo hivyo.

Uasi ulishindwa mwaka ule ule wa 1859. Nyumba ya Barghash ilizingirwa, naye akatoroka amevaa nguo za kike katikati ya dada zake, akaenda katika shamba liitwalo Marseille. Majid akasaidiwa na Waingereza, shamba likapigwa mizinga, watu wengi wakafa. Barghash akajitoa, akapelekwa Bombay. Majid hakumtia Salme gerezani wala hakumnyang'anya mali yake. Msamaha ule ulimchoma kuliko adhabu, na kwa muda mrefu aliishi mashambani, Kizimbani na Bububu, mbali na watu. Baadaye akapatana na Majid. Lakini kwa kupatana na Majid aliwapoteza Khole na Barghash, ambao hawakumsamehe.

Tangu hapo alijua kwamba neno likiisha kuandikwa na kupelekwa haliwezi kurudishwa.

3. Usiku wa Siku ya Mwaka

Salme aliporudi kukaa mjini, jirani yake alikuwa mfanyi biashara Mdachi kutoka Hamburg, jina lake Heinrich Ruete. Nyumba za mjini zilikaribiana, na kutoka juu ya dari aliweza kuona yaliyotendeka kwa jirani. Wakajuana, wakapendana. Kwa desturi za wakati ule jambo hili halikuwa na njia. Binti wa Sultani hakuweza kuolewa na mtu wa dini nyingine, na habari zilipoanza kuvuma maisha yake yakawa hatarini.

Mwezi wa Agosti 1866, usiku wa Siku ya Mwaka, wakati watu wa mji waliposhuka pwani kuoga, Salme naye alishuka. Mashua ilikuwa ikimngoja, ikampeleka katika manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, na manowari ikang'oa nanga kwenda Aden. Hakuweza kumuaga mtu, na barua ya kuaga ingekuwa mashtaka juu yake.

Huko Aden alimngoja Ruete kwa miezi mingi. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa, akapewa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akaolewa. Mtoto wao wa kwanza alifariki angali mchanga. Kisha wakasafiri hata Hamburg.

4. Mji wa baridi

Mtoto wa Uchagga aijua baridi ya Julai na ukungu unaoshuka kutoka mlimani. Salme hakujua baridi ya namna yo yote. Alikuta nchi ambayo milango hufungwa mchana kutwa, ambayo jirani hamwingilii jirani pasipo kualikwa, na ambayo jua huonekana kama taa iliyo mbali. Hakujua Kidachi, na maneno yake na mumewe yalikuwa Kiswahili. Watu walimtazama njiani kama kitu cha ajabu. Yeye aliyezoea nyumba ya watu elfu sasa alikaa na mtu mmoja na watumishi wasiomfahamu.

Alipigwa picha huko Hamburg, amevaa nguo zake za Kiarabu na mapambo yake. Picha za namna ile zilibandikwa juu ya kadi ngumu ndogo, nazo zikasambaa. Watu walioziona walimwona binti wa mfalme katika fahari yake. Hawakuona kwamba picha ikiisha kupigwa alizivua nguo zile, akavaa nguo nzito za Ulaya, akarudi kujifunza kuendesha nyumba kama wanawake wa Hamburg.

Mungu akawapa watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, na Rosalie mwaka 1870. Kila mmoja alipewa pia jina la kwao mama. Lakini mwezi wa Agosti 1870 Ruete aliumizwa katika ajali ya tramu iliyovutwa na farasi, akafa. Mtoto wa mwisho alikuwa hajatimiza miezi minne. Mwezi wa Oktoba, mwaka ule ule, Majid naye akafa Unguja, na Barghash akatawala.

Basi Salme, mwenye miaka ishirini na sita, alikuwa mjane katika nchi ya ugeni, ana watoto watatu, na ndugu aliyemkasirikia ndiye mfalme wa kwao. Sheria ya Hamburg ilitaka mali ya mjane isimamiwe na wanaume, na mali ile ikapungua. Akahama mji hata mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akitafuta mahali penye maisha nafuu, na akafundisha Kiarabu ili apate riziki. Mkono uliojifunza kwa siri juu ya mfupa wa ngamia sasa ulilisha watoto.

5. Ndugu asiyejibu

Salme hakuacha kutumaini kwamba Barghash atamsamehe. Alimwandikia. Jibu alilolitamani halikuja.

Mwaka 1875 alisikia kwamba Barghash anakwenda London. Akajitahidi kujifunza Kiingereza, akaenda huko, akitumaini kwamba ndugu wakionana uso kwa uso hasira itayeyuka. Lakini wakuu wa Kiingereza walikuwa na mambo yao na Sultani, wala hawakutaka audhike. Sir Bartle Frere akamshauri asitake kuonana na nduguye, akamtumainisha kwamba serikali itawaangalia watoto wake. Kwa ajili ya watoto alikubali. Barghash akaondoka London pasipo kumwona, na baadaye Salme akaambiwa kwamba yeye ni raia wa Ujerumani, kwa hiyo Uingereza haina wajibu juu yake. Alikosa ndugu, akakosa na msaada.

Miaka kumi ikapita. Mwaka 1885 mambo ya pwani na ya mlima wetu wa Kilimanjaro yalifungamana. Wadachi walikuwa wakipita bara wakiwatia wakuu katika mikataba. Barghash akamtuma jemadari wake, Mwingereza Mathews, pamoja na askari, wakapanda mpaka Uchagga ili wamangi wakubali bendera ya Sultani. Lakini mwezi wa Juni mwaka ule ule Mdachi Jühlke alifika Moshi, na Mangi Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, akafanya mkataba naye. Hivyo karatasi moja ikashindana na nyingine juu ya nchi hii ya migomba, na wenyeji wengi hawakujua yaliyoandikwa ndani yake.

Mwezi wa Agosti manowari za Wadachi zikatia nanga mbele ya jumba la Sultani kumlazimisha akubali madai yao. Katika safari ile Wadachi walimleta Salme pamoja na watoto wake. Yeye alikuja kwa sababu ya ndugu na urithi; wao walimleta kwa sababu alikuwa na faida katika shauri lao. Aliposhuka mjini baada ya miaka kumi na tisa, watu wakamzunguka njiani, wakamwamkia kwa furaha. Barghash akakataa kumwona. Alisimama katika mji aliozaliwa, akaliona jumba la nduguye kwa macho yake, na mlango haukufunguliwa. Sultani alipokwisha kukubali matakwa ya Wadachi, hao nao hawakumhitaji tena Salme. Akarudi Ulaya mikono mitupu.

Alikuja mara ya pili mwaka 1888, pamoja na Rosalie. Barghash alikuwa amekufa mwezi wa Machi, na Khalifa, ndugu mwingine, alikuwa amemrithi. Huko nako hakupata kitu. Tangu hapo hakuiona Unguja tena.

6. Alichowaachia watoto

Zamani, alipokuwa mgonjwa na kuogopa kwamba atakufa watoto wangali wadogo, Salme alianza kuwaandikia habari za kwao: jumba la Mtoni, babu yao, bibi yao, vyakula, sikukuu, mavazi, na hata uasi ule na kosa lake mwenyewe. Hakuandika ili watu wengine wasome. Aliona kwamba watoto wake wanakua hali hawajui damu yao ilitoka wapi. Miaka kama tisa baadaye, mwaka 1886, maandiko yale yalichapwa Berlin kuwa kitabu, na kikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1888. Kabla yake hakuna mwanamke Mwarabu ajulikanaye aliyechapisha kitabu cha maisha yake. Lakini kitabu hicho si safi katika kila jambo. Kuhusu utumwa aliutetea, ingawa mamaye mwenyewe aliuzwa, na msomaji ana haki ya kuliona kosa hilo. Mtu aweza kuona mbali katika jambo moja, akawa kipofu katika jingine.

Baada ya safari ya pili alikaa miaka mingi Beirut, karibu na watu wanaosema Kiarabu. Mwaka 1914 akarudi Ujerumani kwa watoto wake. Alipokuwa mzee, Sultani Khalifa bin Harub wa Unguja alimpa posho ndogo ya kila mwaka. Nyumba ya babaye ilikuwa imemkumbuka, ingawa kwa kuchelewa. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka sabini na tisa.

Ndipo watoto wake, watu wazima sasa, walipofungua vitu vyake. Katika karatasi walikuta maandiko ambayo hakuyachapisha. Yalikuwa barua kwa rafiki mmoja mwanamke wa Unguja, asiyetajwa jina. Ndani yake alieleza siku zake za kwanza Hamburg, baridi, upweke, mapenzi ya mumewe, ajali, ujane, na fedha zilizopungua. Barua zile hazikutiwa katika posta. Alikuwa amezungumza na kwao miaka yote kwa kalamu, pasipo kungojea jibu. Hivyo watoto waliokaa naye meza moja walijua, kwa karatasi zile, jinsi mama yao alivyobeba uchungu mbele yao wasiuone.

Walikuta pia kifuko cha mchanga. Ulikuwa mchanga wa pwani ya Unguja, alioutunza kwa miaka mingi. Wakamzika Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, karibu na mumewe, na mchanga ule wakautia pamoja naye.

Mwanawe, Rudolph Said, hakuziacha karatasi ziharibike. Yeye mwenyewe aliandika kitabu juu ya babu yake Seyyid Said, kilichotoka mwaka 1929, na mwaka 1937 akazitoa karatasi za mamaye pamoja na vitabu vyake ziwekwe Leiden, katika nchi ya Uholanzi, wanakosoma wanafunzi wa mambo ya mashariki. Zilikaa huko miaka mingi. Mwaka 1993 barua zile zilichapwa kwa Kiingereza pamoja na kitabu chake cha kwanza, na maneno yaliyokosa posta yakawafikia watu wengi. Unguja nako, katika jumba la zamani la masultani lililofanywa makumbusho, chumba kilitengwa kwa ukumbusho wake.

Majumba ya Seyyid Said mengine yameanguka, na la Mtoni limebaki magofu. Bunduki zilizoagizwa kwa barua za Salme zimekuwa kutu. Mkataba wa Moshi wa 1885 hauna nguvu tena juu ya mtu. Lakini karatasi ambazo mjane mmoja aliziandika usiku, watoto wakiwa wamelala, zingali zinasomwa, kwa sababu mwana alizihifadhi.

Basi mtoto anayeagizwa na nyanya yake amsomee barua ya zamani kutoka katika sanduku lile, asione kuwa ni kazi ya kuchosha. Na asome polepole, kisha aikunje kwa mikunjo yake ya kwanza, na kuirudisha mahali pake.